Kipengele cha Saba

Mkuyuni, Mwanza
9 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu imepungua kuvimba na chumvi umeiacha kama daktari alivyokuagiza, ingawa nakujua. Sisi huku hatujambo. Binti yangu ameanza darasa la sita na ameanza pia ubishi. Juzi alinisahihisha mbele ya wageni. Nilitaka kukasirika, nikamkumbuka babu yake mdogo wa Kamachumu, nikaona damu haipotei. Bibi Kokugonza anaendeleaje? Unisalimie sana.

Utashangaa ninakuandikia barua zama hizi. Baba mdogo, simu yako anaishika mkweo, mke wa Jovinary, na kila ikilia inawekwa spika, sebule nzima inajibu. Jambo langu si la sebule. Nimempa bahasha Chenge, konda wa basi la asubuhi. Anaongea sana yule, lakini hafungui vya watu.

Kwenye harusi ya Jovinary, mwaka 2018, ulisimama na kipaza sauti ukanitambulisha kwa wakwe: huyu ni mtaalamu wetu wa maabara, hospitali kubwa ya Mwanza. Nikainuka nikapunga mkono. Watu wakapiga makofi. Ukweli ni kwamba maabara niliingia mara moja tu, kupimwa malaria. Miaka tisa hii mimi nafanya kazi mochwari.

Nimeisoma hiyo sentensi mara tatu na nimetamani kuichana karatasi. Nilianza kama mfagiaji. Mzee Luhaga, mkubwa wetu pale, akaona nina mkono mtulivu, akanifundisha kuosha, kuvalisha, na hatimaye kuhifadhi, yaani kutia mwili dawa ili ufike kwao salama. Nikaona niwaambie nikishazoea. Nikazoea kazi, kuwaambia nikashindwa.

Sasa limekuja suala la leseni. Kuanzia Januari ijayo asiye nayo hatagusa marehemu, atapelekwa chumba cha kufulia mashuka. Wanataka cheti cha kidato cha nne, ninacho. Wanataka cheti cha mafunzo, nimekipata mwaka jana. Zile Jumamosi nilizokwambia naenda kwaya nilikuwa darasani, unisamehe na hilo. Kuna kitabu cha vitendo, miili hamsini niliyoihifadhi mbele ya msimamizi, kila mmoja na saini ya Mzee Luhaga. Nimefikisha hamsini na tatu. Nimechomwa chanjo ya homa ya ini, sindano tatu, bega likaniuma wiki nzima. Kuna kiapo kwamba sijawahi kumgusa marehemu bila glovu, nimekiwekea tiki. Halafu mtihani, mwezi wa tisa.

Kilichobaki ni fomu ya ndugu. Wanasema wamechoka: mtu anasomeshwa, anapewa leseni, halafu ukoo unagundua, wanakuja mashangazi wanamtoa kazini kwa vilio. Kwa hiyo ndugu mkubwa wa mwombaji athibitishe kwamba anaijua kazi na hana kinyongo nayo. Baba hayupo, aliyebaki ni wewe. Fomu nimeiambatanisha. Ni saini na majibu machache. Kipengele cha saba kinauliza unaifahamu kazi yangu tangu lini na kwa njia gani. Andika tu kwamba nimekwambia mwaka huu kwa barua.

Nisamehe kwa kukufanya unipigie makofi ya bure.

Mwanao,
Prudencia

*

Kamachumu
16 Machi 2025

Binti yangu Prudencia,

Marahaba. Barua yako ya tarehe tisa nimeipata tarehe ishirini, kwa sababu huyo Chenge wako aliikalia. Kweli hafungui vya watu, anavikalia. Mwandiko wako umerudi nyuma sana, na hili nalisema kama mwalimu.

Hapa tunaendelea. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa chini, tumekata mashina kumi na tisa na kuyafukia. Miguu yangu ni ile ile. Nimechaguliwa tena mwenyekiti wa kigango chetu cha kanisa. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu nikakubali ili kikao kiishe, watu walikuwa na njaa. Jovinary ana shughuli zake za kahawa, haonekani nyumbani ila Jumapili.

Tarehe 12 tulikuwa na misa ya mama yako mdogo Bernadetta. Miaka sita. Kanisa lilijaa, wanawake wa WAWATA walikuja na sare zao na kuimba vizuri. Bibi Kokugonza alikaa benchi la mbele. Yule mama sasa ni mwepesi, unaweza kumbeba kama tenga tupu, lakini akili yake haijapungua hata punje. Tulipotoka nje alinishika mkono akaniuliza swali lake la kila mwaka: "Projest, tulimzika nani?" Ulikuwepo siku ile, unajua chanzo chake. Jeneza lilifika halifunguki, hali ya mwili haikuruhusu, na mama hakumwona binti yake, hakumgusa paji la uso. Tangu hapo ana shaka kwamba Mwanza tulipewa mtu mwingine. Nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote, kwamba alikuwa Bernadetta, ila watu wa mochwari walituharibia.

Niwie radhi. Nimeandika kwa mazoea.

Fomu yako nimeisoma. Ni ndefu. Sikuulizi kwa nini ulituambia maabara, nadhani najua. Nipe muda. Ni Kwaresima, mtu anapaswa kutafakari kabla ya kutia saini jambo.

Dua zangu ziko nanyi. Huyo mtoto mwambie nimefurahi kwamba anasahihisha.

Baba yako mdogo,
P. Ishengoma

*

Mkuyuni
30 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Pole na migomba. Pole pia na uenyekiti, najua ulivyoumia kuchaguliwa. Sisi wazima, mvua zimeanza, barabara ya kwetu imekuwa mto na jirani ameweka mawe ya kukanyagia ambayo anayaita daraja.

Nimeumia, lakini sina haki ya kulalamika. Niliyajua hayo maneno ya "watu wa mochwari", nimeyasikia misibani kwetu mara nyingi, nikiwa nimekaa mkekani na akina mama, nikitikisa kichwa kama wao. Huku mjini mambo ni hayo hayo. Kwenye kutakiana amani kanisani natoa mkono na kuurudisha upesi, nikidhani mtu ataunusa. Mwenye nyumba wangu anajua, na tangu ajue kikombe changu cha chai kwake ni kile cha plastiki. Mwanangu shuleni alijaza "maabara" kwenye kazi ya mzazi. Sikumwambia aandike hivyo. Ameniiga.

Sikudanganyi kwamba naichukia kazi yenyewe. Mwezi jana walileta mvuvi aliyeokotwa ziwani baada ya siku mbili. Mke wake alikuwa nje, amefunga khanga kiunoni, anasema anataka kumwona hata akiwa vipi. Nilifanya kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa mchana. Aliingia, akamtazama, akasema, "Ndiye," akakaa chini. Hilo tu. Siku kama hiyo narudi nyumbani nimenyooka. Halafu nafika kona ya kwetu, mtu ananiuliza natoka wapi, nasema maabara.

Kuhusu Mama mdogo na swali la Bibi sina la kusema.

Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe 31 Mei. Sikuharakishi, Baba mdogo, nakukumbusha tu.

Mwanao,
Prudencia

*

Kamachumu
11 Mei 2025

Binti yangu,

Marahaba. Sote wazima. Mvua ilitupiga wiki ya Pasaka, choo cha kigango kikaanguka, namshukuru Mungu hakuna aliyekuwemo. Senene wametoka vizuri mwaka huu. Nimekufungia kopo moja, mke wa Jovinary amewakaanga mwenyewe. Mwambie Chenge nimewahesabu.

Fomu hii hapa, nimetia saini. Nimethibitisha kwamba sina kinyongo na kazi yako, na ni kweli sina. Kipengele cha saba nimekiacha wazi kwani sikukielewa vizuri.

Bibi anakusalimu.

P. Ishengoma

*

Mkuyuni
8 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Senene wamefika, au tuseme walionusurika. Leo ni Pentekoste, nimetoka misa ya kwanza, mtoto yuko kwenye kipaimara cha wenzake na nyumba iko kimya. Nasikia daraja letu la Busisi linafunguliwa mwezi huu, mji mzima unaliongelea. Salamu zimeishia hapo, maana nikiziendeleza nitapoteza ujasiri.

Fomu imekataliwa. Pale ofisi ya leseni kuna dada anaitwa Hadiya, aliirudisha kidirishani akaniambia kipengele cha saba kiko wazi, mwambie mzee ajaze. Nikamwambia mzee hakulielewa swali. Akaniuliza mzee alikuwa anafanya kazi gani. Nikasema mwalimu mkuu, miaka thelathini na moja. Akanitazama tu. Kwa huruma yake amenipa hadi tarehe 15 Agosti.

Mwenzangu mmoja kazini alisema jaza mwenyewe, kalamu ya bluu ni kalamu ya bluu. Nilikaa mezani na fomu na kalamu, nikaanza kuandika "tangu", mkono ukagoma. Kwa sababu najua kwa nini umeacha wazi. Nilikuandikia kwamba nina miaka tisa mochwari. Wewe umefundisha hesabu. Ukatoa, ukaona kwamba Machi 2019, Mama mdogo alipofia pale hospitalini, mimi nilikuwa humo tayari. Ukaogopa kuniuliza. Basi usiulize, nakwambia mwenyewe.

Alhamisi ile mlipokuja kumchukua, wewe na mjomba Josephat, ulinipigia simu ukiwa getini. Nikakwambia nimebanwa maabara, siwezi kutoka, nitawafuata kwa basi. Nilikuwa stoo ya mochwari, nyuma ya mlango, hatua sita kutoka meza mliyokuja kusimama kando yake. Nimevaa aproni na buti za mpira. Mama mdogo nilikuwa nimemwandaa mimi asubuhi hiyo. Nilimwosha. Nilimvalisha kitenge chake cha WAWATA ulichokuwa umekileta jana yake kwenye mfuko wa karatasi. Nilimsuka nywele zake, mistari ya kurudi nyuma, ile ile aliyokuwa ananisuka mimi ukumbini kwenu kila Jumapili mchana. Ilibaki dawa, na dawa haitiwi bila saini ya ndugu.

Mzee Luhaga alikueleza vizuri, nilimsikia. Alisema safari ni ndefu, joto ni kali, bila dawa mwili hautafika salama. Akasema, "Ngoja nimwite mtaalamu wetu akueleze zaidi." Mtaalamu alikuwa mimi. Nilimwomba Mungu ukatae, Baba mdogo. Niliomba kweli, nimefumba macho. Na ukakataa. Ulisema hapana, tuna haraka, tupeni mgonjwa wetu twende. Ulisema mgonjwa. Na mimi nyuma ya mlango nikashukuru.

Nilijua kitakachotokea. Nyie hamkujua, mimi nilijua, ndiyo kazi yangu. Mkakaa foleni ya kivuko, gari likawaharibikia Bwanga, mkafika Ijumaa jioni, mkamsubiri Jovinary atoke Dar hadi Jumamosi. Hatua sita tu, ningetoka nikakwambia Baba mdogo saini, ungesaini. Sikutoka kwa sababu ya aproni.

Jumamosi nilisimama kibanjani kwako, jeneza limefungwa, Bibi anagonga mfuniko kwa kiganja anaomba wamfungulie. Ukatangaza kwamba watu wa mochwari wametuharibia. Nikalia hadi wanawake wakanishikilia, wakawa wanaambiana huyu alimpenda sana mama yake mdogo. Walinipa uji. Nikaunywa.

Sasa unajua. Kipengele cha saba kijaze utakavyo, au ukiache. Kama ni mashuka, nitafua.

Prudencia

*

Kamachumu
27 Julai 2025

Mwanangu Prudencia,

Marahaba. Miguu yangu ni ile ile. Kahawa imechumwa. Bibi aliteleza jikoni mwezi wa sita lakini hakuvunjika, alikasirika tu. Chenge anatuambia sasa mnapita darajani kwa dakika chache, hata hujamaliza kumenya ndizi. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikakaa peke yangu. Sisi mwaka ule tulikaa Kigongo kwa saa tano tukisubiri kivuko, na jeneza nyuma ya gari.

Barua yako niliipata tarehe 14 Juni. Leo ni siku arobaini na tatu. Nimeandika majibu manne na kuyachana, mke wa Jovinary anadhani naandika wosia.

Umekosea hesabu yako mahali pamoja. Unadhani nilitoa miaka nikagundua. Sikuhitaji kutoa. Nilikuona.

Mlango ule wa stoo ulikuwa na uwazi chini, upana wa kiganja. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, mtu aliyefiwa anatazama sakafu. Nikaona buti za mpira, nyeupe, na buti moja imekanyaga nyingine. Darasa la tatu kila nilipokusimamisha useme jedwali ulisimama hivyo, mguu mmoja juu ya mwingine. Nimefundisha watoto maelfu. Aliyesimama vile ni mmoja. Nikakumbuka simu ya getini, nikaelewa yote kwa mara moja: hakuna maabara.

Yule mzee aliposema amwite mtaalamu, nilijua ni nani atakayetoka. Josephat alikuwa ubavuni kwangu, na unamjua shemeji yangu yule, mdomo wake haufungi. Nikaona jinsi utakavyotoka na aproni hiyo, na jinsi habari itakavyofika Kamachumu kabla ya jeneza: mtaalamu wa Mwalimu Ishengoma anaosha maiti. Mke wangu amelala chumba cha pili, mimi nafikiria kipaza sauti cha harusi. Nikasema hapana, tuna haraka. Dawa sikuwa na neno nayo, Prudencia. Niliyemkataa ni wewe.

Na baada ya hapo, kwa miaka sita, nimesimama kwenye misiba ya watu nikisema watu wa mochwari, watu wa mochwari. Nilikuwa nakusema wewe, nikijua kwamba umekaa hapo mkekani na unasikia. Nilidhani kwa kuwa wewe unaficha na mimi naficha, tumelindana. Naona haya kukuandikia hili. Naona haya kuliko nilivyowahi kuona, na mimi ndiye niliyekufundisha kuandika.

Swali la saba nililielewa tangu siku ya kwanza. Kuandika 2025 ungekuwa uongo juu ya saini yangu, na ukweli nilikuwa sijathubutu kuuandika. Sasa nimejaza. Nimeandika: "Tangu tarehe 14 Machi 2019. Kwa kumwona kazini."

Kuna jingine. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa Bibi Kokugonza nikamsomea barua yako, kwa Kihaya, neno kwa neno. Ya kwangu nikamwambia kwa mdomo, nimesimama. Alisikiliza ameinamia magoti. Aliniomba nirudie mahali pa kitenge na pa nywele. Nikarudia. Akasema, "Basi alikuwa yeye." Tangu siku hiyo hajaniongelesha, nikipita ananigeuzia mgongo, na sina la kulalamika. Ila jana alimtuma mke wa Jovinary aje aniambie nikuulize jambo moja, kwa sababu wewe ndiye wa mwisho kumwona. Anataka kujua kama mtoto wake uliyemshika ulimshika kwa mkono mtupu, au kwa ile mipira mnayovaa.

Nijibu nimpelekee. Labda atanifungulia mlango.

Baba yako mdogo,
Projest

*

Mkuyuni
10 Agosti 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto amekuwa wa tatu darasani, na ameniambia amebadilisha ile karatasi ya kazi ya mzazi. Sikumuuliza ameandika nini.

Barua yako niliisomea stoo, nimesimama, na nilipofika pale pa miguu nikatazama chini, nikaona imekanyagana vile vile. Nimekasirika, Baba mdogo. Nilikaa siku tatu nimekasirika, halafu nikakumbuka nilichoomba nimefumba macho nyuma ya mlango, hasira ikakosa pa kusimama. Uliniona na mimi nilikusikia. Sijui ni nani amsamehe nani hapa. Tuliache kwa Bibi.

Jumatatu nilipeleka fomu. Hadiya alisoma kipengele cha saba, akakisoma tena, akainua macho akaniuliza tarehe hiyo ni ya nini. Nikamwambia ndiyo siku aliyofahamu. Akagonga muhuri. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, kisha nikarudi kidirishani nikamwomba anipe jalada langu, kuna mahali nimekosea. Ni kile kiapo cha glovu. Nilikuwa nimeweka tiki kwamba sijawahi. Nikaikata, nikaandika kando: "Mara moja, tarehe 14 Machi 2019." Hadiya akaniambia dada, hiki kinaweza kukunyima mtihani, rudisha tiki yako mimi sijaona kitu. Nikasema hapana. Mzee Luhaga ameninunia wiki nzima. Anasema miili hamsini na tatu ya saini zake naitupa kwa ajili ya mstari mmoja. Nimeitwa mbele ya jopo tarehe 9 Septemba nijieleze. Wakinipa leseni nitaitundika ukutani, sebuleni. Wakininyima nitafua mashuka, na mtu akiniuliza natoka wapi nitamwambia.

Nitakuja Kamachumu mwezi wa kumi na mbili, nimwambie Bibi mwenyewe. Lakini yeye ni mzee na mwezi wa kumi na mbili uko mbali, kwa hiyo mpelekee jibu leo hii ukiipata. Usimtume mke wa Jovinary, nenda wewe.

Mwambie nilivua. Nilipomaliza kumvalisha nilivua glovu zote mbili nikaziweka pembeni, kwa sababu nywele haziwezi kusukwa na mipira, na kwa sababu alikuwa Mama mdogo. Mwambie alikuwa wa baridi, lakini nywele zilikuwa laini kama siku zote. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye paji la uso wake, na wa kushoto chini ya kisogo, kama mtu anavyomshika mtoto mchanga anapomwogesha.

Prudencia